Mume anaitaka uji, mimi naitaka jiwe: nani anajua kula aiskrimu?

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nipo Nyakato hapa Mwanza, nimeolewa miaka sita. Kila mwisho wa mwezi tunanunua kopo la aiskrimu ya vanila la lita mbili. Mimi naipenda ngumu, ile ambayo kijiko kinagoma kuingia. Mume wangu analiweka kopo zima mezani nusu saa huku anaangalia mpira, halafu analikoroga mpaka liwe uji, anakula humo humo, na kinachobaki anakirudisha kwenye friza. Kesho yake nakuta machengachenga ya barafu. Nikilalamika ananiambia sijui kula aiskrimu, kwamba mimi nalisha meno tu. Mama mkwe naye anasema aiskrimu ngumu itamletea mtoto wetu wa miaka minne mafua. Umeme ukikatika ndiyo balaa, hatujui tule au tumwage. Nani yuko sahihi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Nitoe hukumu mapema ili usisome na presha: kwenye ulimi shemeji anakuzidi kidogo, kwenye kopo amekosea vibaya. Hayo ni mambo mawili, na ugomvi wenu umekua kwa sababu mmeyapika chungu kimoja.

Tuanze na ulimi. Kaa kwenye mgahawa wowote hapa mjini, Igoma au Kirumba, agiza soda. Mhudumu atakuuliza, "Baridi au ya moto?" Ya moto maana yake haijaingia kwenye friji, basi. Mmoja anataka chupa inayotoka jasho, mwenzake ana kifua au jino bovu anataka ya moto, na sijawahi kusikia watu wakigombana kwamba fulani hajui kunywa soda. Sasa siku moja zionje zote mbili kwa kufuatanisha. Ile ya moto ni tamu mpaka inakera, na zote zimetoka kreti moja. Sukari haijaongezeka hata punje. Kilichobadilika ni ulimi. Seli zinazopokea utamu zina kimlango kinachoitwa TRPM5, na mwaka 2005 watafiti walionyesha kwamba kimlango hicho hufanya kazi kwa nguvu zaidi kadiri joto linavyopanda kutoka nyuzi 15 kwenda 35. Ukiupoza ulimi, utamu unafifia.

Sisi watengenezaji tunaliweka hilo kwenye hesabu. Mchanganyiko wa aiskrimu kabla haujaingia kwenye mashine ni mtamu kupita kiasi. Ukipewa glasi nzima hutaimaliza. Tunatia sukari ya kumtosha mtu mwenye ulimi uliokufa ganzi. Kwa hiyo shemeji akiisubiri mpaka iwe uji, anakula utamu wote ambao sisi tulidhani baridi itaufunika. Na vanila nayo ni hivyo hivyo. Harufu ili ifike puani inabidi iruke, na haiwezi kuruka ikiwa imefungiwa kwenye barafu. Wewe unayeing'ata ikiwa jiwe unapata baridi na mlio, lakini ile vanila uliyoilipia nyingi inakuja baadaye, ukiwa umeshameza. Hapo ndipo nasema anakuzidi kidogo.

Kidogo, kwa sababu na wewe una hoja, na nitaieleza kwa kitu ambacho umekishika mkononi mara nyingi kuliko aiskrimu. Zile barafu za ukwaju za mfuko wa nailoni, tulizokuwa tunanunua tukitoka shule. Unang'ata pembe ya mfuko, unafyonza. Fundo la kwanza ni tamu na kali, mpaka jicho moja linajifunga lenyewe. La pili bado. Ukifika la sita au la saba, rangi yote ya ukwaju imeshapanda ikaingia tumboni, mkononi umebaki na kipande cheupe, hakina chochote, maji tu yaliyoganda. Wajanja walikuwa wanakitupa, wenye njaa tulikitafuna.

Kilichotokea pale ndicho kinachotokea kwenye kopo lenu. Maji yanapoganda hayapendi kuchukua sukari, yanaisukuma pembeni. Barafu inakuwa ya maji, na ile sukari yote na ukwaju vinajikusanya kwenye sharubati inayobaki bila kuganda katikati ya chembe za barafu. Sharubati hiyo inazidi kuwa nzito, na ikizidi kuwa nzito inahitaji baridi kali zaidi ili igande. Ndiyo sababu aiskrimu haigandi yote hata siku moja. Mchanganyiko wa kawaida huanza kuganda kwenye nyuzi 3 hivi chini ya sifuri. Kwenye nyuzi 6 chini ya sifuri, kama karibu nusu ya maji yake ndiyo barafu, na hapo ndipo zile mashine za koni laini zinapoitolea. Kwenye nyuzi 18, ambazo friza nzuri ya nyumbani inatakiwa kuzifikia, ni kama robo tatu. Robo inayobaki bado ni sharubati, hata kama kijiko kinapinda.

Kwa hiyo wewe na shemeji hamli kitu kimoja. Kopo ni moja, vyakula ni viwili. Wewe unakula robo tatu barafu. Yeye anakula sharubati ya maziwa yenye barafu ya kuhesabu. Baridi yenyewe ni sehemu ya unachokipenda, na jinsi kitu kigumu kinavyokubali polepole mdomoni. Hilo uji hauna. Waitaliano huiuza yao ikiwa kwenye nyuzi 12 hivi chini ya sifuri, ina hewa kidogo, inavutika kwenye kijiko. Waturuki wa Maraş wanaitia unga wa kiazi cha okidi uitwao salepi, inakuwa nzito hadi wanaikata kwa kisu na kuila kwa uma. Na hapa kwetu, ukiwahi kukaribishwa kwenye sherehe ya familia ya Kihindi mjini kati ukapewa kulfi, utajua kuna watu wanaoipenda ngumu kuliko wewe: maziwa yamechemshwa mpaka yakapungua, yamegandishwa bila kupigwapigwa, hayana hewa, meno yanafanya kazi kweli.

Mimi binafsi naipenda pale kuta zake zinapoanza kuloa lakini katikati bado inasimama. Kijiko kinaingia bila mkono kusukuma, na kinatoka na kipande, hakitoki kinachuruzika. Kwenye jiko langu hiyo huwa ni dakika tano hivi kwenye bakuli la plastiki. Bakuli la bati ni pungufu ya hapo, kwa sababu bati linapitisha joto la mkono haraka. Meza ya familia yangu hainiungi mkono, kila mtu ana dakika zake.

Jambo moja uliangalie kabla hujaendelea kuitetea ile ya jiwe: soma ubavu wa kopo. Kama mafuta yaliyotumika ni ya maziwa, yanayeyuka vizuri kwenye joto la mdomo. Aiskrimu nyingi za bei nafuu zina mafuta ya mimea, na baadhi yake huchelewa kuyeyuka. Ukiila ikiwa ya baridi sana, unabaki na utando juu ya kaakaa, kama umelamba mshumaa. Hiyo iache ilainike, hata kama ni kwa shingo upande.

Sasa kopo. Hapa shemeji anisamehe.

Aiskrimu ni povu. Ukinunua kopo la lita mbili hujanunua lita mbili za maziwa na sukari. Aina nyingi za bei ya kawaida zina hewa karibu sawa na mchanganyiko wenyewe, ndiyo maana lita moja inaweza kuwa na gramu 500 na ushee tu. Wizi siyo, bila hewa ungekuwa unakula tofali. Hewa hiyo iliingizwa na mashine iliyokuwa inagandisha na kukoroga kwa wakati mmoja, haraka sana, ili chembe za barafu zizaliwe nyingi na ndogo. Ulimi hauzihisi chembe zikiwa chini ya maikromita 50 hivi, wembamba kuliko unywele wa wengi wetu. Zikivuka hapo, ndiyo unasikia mchanga.

Shemeji anapoliacha kopo nusu saa kisha akalikoroga, anafanya mambo mawili kwa mkupuo. Chembe ndogo zinayeyuka kwanza, zinabaki zile kubwa. Na hewa inatoka, mnaiona, kopo lililokuwa limejaa linashuka. Halafu analirudisha kwenye friza ambayo haina panga la kukoroga, inagandisha polepole kwa masaa. Maji yaliyoyeyuka hayazai chembe mpya ndogo. Yanaenda kujibandika kwenye zile kubwa zilizosalia, zinazidi kunenepa. Hayo ndiyo machengachenga yako ya asubuhi. Hakuna dawa yake jikoni, labda kuipiga kwenye blenda na maziwa baridi muinywe siku hiyo hiyo.

Na kijiko anacholamba kinarudi kwenye kopo. Nusu saa moja peke yake mezani hainitishi sana, katikati ya kopo bado pana baridi. Kinachonitisha ni nusu saa ya leo, na ya kesho, na ya Jumapili, na kijiko chenye mate kila mara. Friza haiui vijidudu, inavilaza tu. Kila kopo likitoka, vinaamka pale pale vilipoachia.

Suluhisho halihitaji kikao cha wazee. Kopo lisikae mezani. Chota sehemu yake weka kwenye bakuli, kopo lirudi friza dakika hiyo hiyo, na bakuli lake likae hata kipindi kizima cha kwanza cha mpira akitaka. Kijiko kikigoma kuingia, kichovye kwenye maji ya moto, kifute, ndipo uchote. Ukirudisha kopo, bandika kipande cha nailoni safi kigusane na aiskrimu yenyewe kabla ya kufunika, na uliweke ndani kabisa, siyo mlangoni ambapo joto linaingia kila mtu akitafuta maji baridi.

Kuhusu umeme, ngoja nikusimulie nilivyojifunza, kwa sababu nilijifunza kwa aibu. Kabla ya aiskrimu nilifanya kazi miaka kadhaa kwenye chumba cha baridi cha samaki, kwa hiyo nilijiona najua barafu. Wakati fulani nikapeleka makopo manne ya aiskrimu Ukerewe, kwenye ubatizo wa mtoto wa dada yangu. Nikachukua boksi kubwa la kuhifadhia baridi, nikanunua mifuko mipya ya barafu, ile ile inayosafirisha sangara, nikayafukia makopo mpaka shingoni. Meli ya Nansio ikaenda zake. Nilipofungua boksi, barafu ilikuwa bado imejaa, inang'aa, na ndani ya makopo kulikuwa na maziwa ya vanila.

Hesabu nilikuwa naijua, sikuipiga tu. Barafu inayoyeyuka ina nyuzi 0. Samaki mbichi kwake hiyo ni baridi tele. Lakini aiskrimu inaanza kuganda nyuzi 3 chini ya sifuri, kwa hiyo kwa aiskrimu barafu tupu ni jiko la mkaa. Ningenunua kilo chache za chumvi ya mawe nikaichanganya na ile barafu, ningefika salama: chumvi inailazimisha barafu kuyeyuka, na barafu ikiyeyuka inanyonya joto la kila kilicho karibu, mpaka mchanganyiko unaweza kushuka kuelekea nyuzi 21 chini ya sifuri. Ndivyo watu walivyotengeneza aiskrimu kwa ndoo na mkono kabla friza hazijaenea. Watoto siku ile waliinywa kwa vikombe vya chai, bado ina baridi, wakaniambia safari nyingine nilete hivyo hivyo.

Usiligeuze kisa hicho kuwa ruhusa, ila kina ufunguo wa swali lako. Umeme ukirudi, watu hapa kwetu hufungua friza, wanagonga sangara kwa kidole. Akilia kama jiwe, wanasema vitu vyote viko salama. Kwa samaki ni sawa. Kwa aiskrimu siyo kipimo. Samaki huanza kuganda nyuzi 1 au 2 chini ya sifuri, na kwenye nyuzi 5 sehemu kubwa ya maji yake imeshakuwa barafu. Kwenye nyuzi hizo hizo aiskrimu yako ni uji mzito. Kwa hiyo unaweza kukuta sangara mgumu na aiskrimu imelegea kwenye friza moja, na hakuna aliyeharibika. Hiyo iliyolegea ila bado ina baridi ya kuuma na barafu ndani yake, iliwe siku hiyo hiyo. Mpe shemeji, ndiyo anavyoipenda.

Ikiwa imeshakuwa maziwa kabisa, hakuna hata chembe ya barafu, na umeme ulikatika ukiwa kazini, mwaga. Maziwa, sukari na mayai ni chakula kizuri cha bakteria kama kilivyo kizuri kwetu, na wanazaliana haraka kati ya nyuzi 5 na 60 juu ya sifuri. Masaa mawili katika joto hilo yanatosha kukataa. Usifikirie kuichemsha uiokoe: bakteria wengine huacha sumu ambayo haiungui. Kuigandisha upya ndiyo kabisa, maana inaficha ushahidi. Friza iliyojaa, isipofunguliwa, inaweza kutunza vyakula vilivyoganda kwa takribani saa 48, iliyojaa nusu yake kwa saa 24, lakini aiskrimu inalegea mapema kabla ya hapo. Weka glasi ya maji yaliyoganda na sarafu juu yake humo ndani. Ukirudi kutoka safari ukakuta sarafu imezama katikati ya barafu, umeme ulikatika muda mrefu ukarudi, hata kama kila kitu kinaonekana kigumu.

Dukani nako kuna ushahidi wake. Kopo ambalo aiskrimu imeshuka ikaacha pengo, imelala upande mmoja, au chini ya mfuniko kuna theluji nene, liliyeyuka njiani likagandishwa tena. Liache hapo hapo.

Mara nyingine watu huniuliza kinyume: mbona aiskrimu fulani haiyeyuki, ni plastiki? Hapana. Inatiwa kiasi kidogo cha kitu cha kushika maji, mara nyingi unga wa mbegu za gwari au karajinani, na karajinani inatokana na mwani, huo huo ambao akina mama wa Zanzibar wanalima kwenye maji mafupi. Ikitiwa nyingi, aiskrimu inasimama hata ikishapata joto. Mimi siipendi, inanata, lakini haidhuru.

Na mkitoka matembezi Capri Point mkala koni mkiangalia Jiwe la Bismarck, msishangae inawachuruzikia mkononi kuliko mkiwa ndani. Upepo wa ziwa unakupoza wewe kwa sababu unakausha jasho lako. Koni haitoi jasho. Kwake upepo huo ni hewa ya moto yenye unyevu, na unyevu ukigandamana juu ya kitu baridi unaachia joto lake pale pale. Zungusha koni, lamba pembeni kwanza. Shemeji hapo atafurahi, wewe itabidi ule haraka.

Bado kuna kichwa. Wanaokula ile ya jiwe haraka haraka, utosi unapigwa au kipaji cha uso kinauma ghafla kama kimechomwa. Ni mishipa ya juu ya kaakaa imeshtuliwa na baridi, inapita ndani ya dakika moja au mbili. Bandika ulimi juu ya kaakaa upate joto. Meno yakikufa ganzi kila mara, hilo siyo swali la aiskrimu, mwone daktari wa meno akuangalie fizi na mashimo.

Mama mkwe mwambie kwa adabu kwamba mafua yanaletwa na virusi, mtu anaambukizwa na mtu, siyo na kopo. Watoto wakishatolewa matonsi hospitalini, madaktari wengi huwaruhusu aiskrimu siku zile za kwanza, inatuliza koo. Mtoto wenu kama ana pumu na baridi inamkohoza, msubirishe ilainike; kama hana, mpe kijiko kidogo asile mbio. Mama mwenyewe nashuku anaogopa kitu kingine. Siku mkikaa wote, mchotee yake kwanza, iweke pembeni dakika kumi, umpe ikiwa laini bila kusema neno. Akimaliza bakuli, mtakuwa mmejua kwamba tatizo lilikuwa meno.